Jibu: Kuchuja faili zinazojulikana kwenye diski

Mkuu, umeuliza kama lazima ufungue faili zote laki tatu za diski unayoichunguza moja moja. Hapana, utazeekea hapo. Kokotoa heshi ya kila faili, yaani alama fupi kama ya kidole inayotokana na yaliyomo ndani yake, kisha linganisha na orodha ya NSRL, yenye heshi za faili za programu zinazojulikana, inayotolewa bure na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani. Zitakazooana ni faili za Windows, Office na programu nyingine za kawaida, ziweke kando. Jina halibadilishi kitu hapa: ukiiita faili “harusi.jpg” heshi ni ileile, ila ukigusa biti moja ndani, inabadilika yote.

Angalizo, kujulikana si kuwa salama. Orodha hiyo ina hata zana za udukuzi. Na kukokotoa heshi tumia njia ya SHA-256, maana ile ya zamani, MD5, ilivunjwa tangu 2004: faili mbili tofauti zinaweza kutengenezwa zikawa na heshi moja.