Utawala wa umma au huduma za jamii?

Mdogo wangu, umeuliza uchague nini: utawala pale UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), au uende chuo cha huduma za jamii, na kama ni kweli "zote ni makaratasi tu". Mimi nilisoma utawala. Staji, yaani mazoezi ya kazi, nilifanya katika ofisi ya komini (sehemu ya jiji) moja hapa Lubumbashi, kwenye daftari la vizazi. Siku moja mama kaja na mtoto mgongoni, miezi saba. Sheria ya Kongo inatoa siku 90 kuandikisha kizazi bila malipo. Zikipita, ni hadi hukumu ya mahakama. Mimi nilijua hilo, na namna ya kuandika barua ya kumwelekeza mahakamani. Mwenzangu wa huduma za jamii akamvutia kiti, akamuuliza amezalia wapi. Nyumbani, kumbe, na mume yuko Kolwezi kwenye machimbo. Mimi niliona kosa la tarehe, yeye akaona familia. Hapo ndipo tofauti ilipo.

Utawala utakulisha sheria: Katiba ya 2006, ugatuzi, bajeti, namna Katanga ilivyogawanywa mikoa minne mwaka 2015. Huduma za jamii ni mahojiano, ripoti za kesi, kutembelea nyumba. Mfumo wa masomo wa LMD (lisansi, masta, doktora) ni miaka mitatu ya lisansi, miwili ya masta, popote uendapo.

Kazi serikalini? Usiihesabu mapema, watu wanangoja matrikule (namba ya mtumishi wa serikali) miaka. Mashirika huchukua zaidi wa huduma za jamii, nimeona hivyo kwa wenzangu. Kama huvumilii kusikiliza machozi ya mtu saa nzima, njoo kwetu kwenye mihuri.