Nishati ilikotoka, na hizi "kilowati kwa saa"

SWALI: Mwalimu wetu wa fizikia anasema "nishati" ni neno la Kiarabu. Ustadhi wa madrasa anasema Waarabu huita kitu hicho "taqa". Nani mkweli? (Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro)

JIBU: Wote wawili. Nishati imetokana na "nashat", yaani uchangamfu, wepesi wa mtu kuikabili kazi. Waarabu wakiingia maabara husema "taqa", uwezo. Sisi tukauchukua uchangamfu wao tukaupeleka darasani. Wazungu nao walikopa "energeia" kwa Wagiriki, na Mwingereza Thomas Young akalipa neno hilo maana ya kifizikia katika mihadhara aliyoichapisha mwaka 1807. Hilo limekwisha.

Ila umenitonesha kidonda, mwanangu. Kila nikisoma habari za umeme nakutana na "kilowati kwa saa". Bwawa la Julius Nyerere, tunaambiwa, lina uwezo wa kuzalisha "megawati 2,115 kwa saa". Kwa saa ya nani? Wati yenyewe ni jouli moja (jouli ni kipimo cha nishati) kwa kila sekunde. Wakati umo ndani yake tayari. Ukiongeza "kwa saa" ni sawa na kusema basi linakwenda kilomita 80 kwa saa kwa saa. Bwawa lina uwezo wa megawati 2,115, mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, nukta. Ni hizo hizo iwe saa tatu asubuhi au usiku wa manane.

Kinachohesabiwa kwenye mita ni kitu kingine: kilowati-saa, kilowati mara saa. Chukua pasi ya wati 1,000. Inyooshee sare za shule saa nzima bila kuizima, umekula kilowati-saa moja. Taa ya wati 10 itakula hiyo hiyo kwa saa 100. Hapo tumezidisha, hatukugawanya, na "kwa" katika vipimo vyetu hugawanya. Kistari kile kidogo ndicho kinachobeba fizikia yote, na wahariri wanakifuta kama uchafu wa kalamu!

Anayesema "uniti" simgusi. Ni neno la mkopo, tena halina sura, lakini mama anayeingiza gizani tarakimu 20 za LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, akisema "nimepata uniti nane" amesema sawasawa: kilowati-saa nane. Huyo mpeni dawati la habari za nishati.