Je, mwanamke katika picha ya Arnolfini ni mjamzito?

SWALI: Katika picha ya Jan van Eyck ya mwaka 1434, mume na mke wamesimama chumbani wakiwa wameshikana mikono. Mke anaonekana mjamzito, nami nimesoma kwamba kila kilichomo, tangu mbwa hadi mshumaa, ni ishara ya ndoa. Je, ni kweli?

JIBU: Tumbo lile lisikuhadae. Mtazame kwa karibu utaona kwamba mwanamke ameukusanya upindo wa gauni lake zito la kijani, akaushikilia mbele ya tumbo kwa mkono wa kushoto. Mtakatifu Katarina, ambaye van Eyck alimchora mwaka 1437 katika picha ya altare iliyoko Dresden, ana umbo hilohilo ilhali anajulikana kuwa bikira. Hiyo ndiyo iliyokuwa mitindo ya mavazi.

Kuhusu ishara, aliyeivumisha fikra hiyo ni mwanahistoria wa sanaa Erwin Panofsky, mwaka 1934. Kwake, picha hii ilikuwa kama cheti cha ndoa: mbwa ni uaminifu, mshumaa mmoja unaowaka mchana ni Mungu aonaye yote, na viatu vilivyovuliwa vyaonyesha kwamba mahali hapo ni patakatifu. Ni hoja yenye mvuto, lakini uchunguzi wa miale ya infraredi umebaini kwamba mbwa hakuwamo katika mchoro wa awali, bali aliongezwa wakati wa kupaka rangi. Siamini kwamba mchoraji angeisahau nguzo ya maana ya picha yake hadi dakika za mwisho. Machungwa yaliyo karibu na dirisha, kwa mfano, yanatosha kueleza utajiri, kwa maana yalikuwa ghali huko Flanders, katika Ubelgiji ya leo, na anayedhaniwa na wengi kuwa mume, Giovanni di Nicolao Arnolfini, alikuwa mfanyabiashara kutoka Lucca aliyeishi Bruges.

Mimi ningekushauri uanzie kwenye kile kioo mbinuko kilichotundikwa ukutani nyuma ya wanandoa. Ubao wote una urefu wa takriban sentimita 82 na upana wa 60, lakini katika fremu ya kioo hicho kidogo mmepangwa vijiduara 10 vya mateso ya Kristo, na ndani yake chumba kizima kinaonekana kwa nyuma, pamoja na watu wawili waliosimama mlangoni, yaani mahali pale hasa anaposimama mtazamaji. Juu yake pameandikwa kwa Kilatini kwamba Jan van Eyck alikuwa hapa. Kinara cha mishumaa, kioo, mikono iliyoshikana na mbwa vimefuatana kutoka juu hadi chini katikati ya wanandoa, hivyo jicho haliwezi kukikwepa kioo. Ukishawaona wale wawili wa mlangoni, hata mkono wa kulia wa mume, ambao Panofsky aliuona umeinuliwa kwa kiapo, unasomeka vizuri zaidi kama salamu kwa wageni wanaoingia.