Baridi yabisi ya mama na bakteria wa tumboni

Dada, umeuliza kama mama amepata baridi yabisi kwa sababu alihamia Dodoma mjini akaacha ugali wa uwele na mlenda wa Kongwa. Huu ni ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo, yaani maungio ya mifupa, na chakula peke yake hakitoshi kuuleta. Ni kweli, bakteria wa utumbo mpana huchachusha nyuzinyuzi za nafaka isiyokobolewa na kutoa kemikali iitwayo butireti, ambayo husaidia seli zinazoituliza kinga isiushambulie mwili wenyewe. Lakini kuna urithi, na sigara ni kichochezi kinachojulikana vizuri zaidi. Anavuta, au kuna anayevuta humo ndani? Uwele arudie, ni mzuri. Ila dawa za hospitali asiziache mwenyewe, nakuomba sana; kiungo kikishaliwa hakirudi.