Dawa imenitoa huzuni, ikaondoka na machozi

Shangazi shikamoo. Natumia sertraline, dawa ya sonona, miligramu 100, huu ni mwezi wa nane tangu nianze. Huzuni imeisha, nalala, kazini naenda. Ila hamu ya tendo la ndoa imekufa kabisa, mume wangu kashaanza kuhisi nina mtu nje. Mjomba alifariki nikakaa msibani macho makavu, watu wananitazama tu. Sasa wiki mbili hizi nameza leo naruka kesho, kimyakimya, na nimeanza kusikia kizunguzungu na kama shoti ya umeme inapita kichwani. Ugonjwa unarudi? Nipunguze au niache tu?

Marahaba mwanangu.

Tuanze na hiyo shoti maana ndo inakutisha. Hiyo ni hiyo ruka ruka yako. Sertraline ukimeza leo, kesho saa kama hiyo hiyo karibu nusu imeshatoka mwilini, keshokutwa imebaki kama robo, ndo unameza tena, yani wiki mbili nzima umekuwa unaupandisha na kuushusha mwili kila siku mbili halafu unashangaa kizunguzungu! Ugonjwa ukirudi haujagi hivyo, unanyemelea, wiki hata miezi, usingizi unaharibika, vitu ulivyovipenda vinachacha tena. Dalili za kukatisha dawa zinakuja ndani ya siku chache, zina mambo ya ajabu kama hiyo shoti, ndoto kali, kichefuchefu, hasira za ghafla, na mara nyingi ukirudia dozi yako zinatulia haraka. Kwa hiyo wiki hii hii ongea na daktari wako, mwambie ukweli kwamba umekuwa unaruka, na usimeze viwili kwa mpigo eti unafidia.

Hamu kupotea sasa. Kichefuchefu na kuharisha kwa mwanzo mwanzo huwa vinaisha vyenyewe ndani ya wiki chache, hili la chumbani mara nyingi linang'ang'ania, na hata hayo machozi kukauka yanajulikana kwa dawa za kundi hili, hukuwa na roho mbaya kwa mjomba. Tatizo madaktari wengi hawaulizi mambo ya kitandani na mgonjwa anaona haya, basi linabaki hapo hapo. Liseme. Andika kwenye simu kabla hujaingia, ukishikwa na aibu mpe asome.

Kupunguza inawezekana, sikukatazi. Ila kwanza muhesabu vizuri: inashauriwa kuendelea na dawa angalau miezi 6 tangu ulipopata nafuu, siyo tangu kidonge cha kwanza, kwa hiyo miezi 8 yako huenda bado haijatosha, na kama huzuni hii imewahi kukurudia huko nyuma wanaweza kukuambia hata miaka 2. Na kushuka dozi siyo lazima iwe kuacha, wengine wanashuka kidogo wakabaki hapo na maisha yanaenda. Au daktari akubadilishie, kuna dawa nyingine za sonona kama bupropion na mirtazapine, kwa kawaida hazisumbui sana chumbani. Mkikubaliana kushuka, kila siku unameza, dozi ndo inapungua, kila hatua unakaa wiki kadhaa unausikiliza mwili, na jiandae kwamba ngazi za chini ndo ngumu, kutoka 100 kwenda 50 unaweza usisikie kitu halafu kutoka 25 kwenda sifuri ndo ukayumba. Ikifika hapo omba vipande vidogo zaidi au dawa ya maji kama ipo. Mawazo ya kujidhuru yakija katikati ya haya, hapo husubiri tarehe ya kliniki, unaenda hospitali siku hiyo hiyo na mtu wako.

Na mumeo mwambie leo. Mtu anaelala na wivu kila usiku wakati jibu liko kwenye kikaratasi cha maelezo ndani ya boksi la dawa, mnateseka wote bure. Muonyeshe pale palipoandikwa. Akitaka kuja kwa daktari mwache aje, aulize mwenyewe.