Stata inazungusha ila injini haiwaki: usinunue pampu bado

Pole ndugu. Umesema injini ya Toyota IST yako inazunguka vizuri lakini haiwaki, na fundi anataka ununue pampu ya mafuta kwa sababu haisikiki ukifungua swichi. Tafadhali subiri kwanza. Kwenye Toyota nyingi pampu haianzi ukifungua swichi tu, huanza stata inapozungusha. Ukimya huo si ushahidi hata kidogo. Mwambie mtu apige stata, wewe weka sikio kwenye siti ya nyuma, maana tangi liko chini yake. Ikiwa kimya bado, kagua fyuzi ya EFI (mfumo wa kuingiza mafuta kwenye injini) na rilei yake, yaani swichi ndogo ya umeme, vitu vya bei ndogo, kabla ya kugusa pampu.

Ila kilichonishtua ni hili: ulisema gari lilizima likiwa limepata moto, likapoa, likawaka tena, ndipo likagoma kabisa. Hapo mimi nashuku sensa ya krenki, kifaa kinachoiambia kompyuta ya gari kuwa injini inazunguka. Ikifa, kompyuta haijui injini inazunguka, basi haitoi cheche wala haiendeshi pampu. Ndiyo maana wengi hubadilisha pampu isiyo mbovu bure! Tazama mshale wa RPM (kasi ya mzunguko wa injini) kwenye dashibodi wakati wa kupiga stata. Mshale usipotikisika kabisa, shaka yangu inazidi. Kisha mwenye mashine ya kusomea kodi za hitilafu za gari aangalie kama kuna P0335, kodi ya hitilafu ya sensa hiyo, na mkague waya na soketi ya sensa.

Usipige stata zaidi ya sekunde 10 mfululizo, unaweza kuiunguza. Lete majibu ya mshale na kodi tuendelee.