Kona ya Fundi: Kalipa ya Pili Nyuma, na Braketi Inayoibeba

Wiki hii maswali karibu yote yameangukia sehemu moja, hendibreki ya haidroliki ya kudriftia, yani kutelezesha gari ubavu kwa makusudi, na kalipa ya pili (kile chuma chenye pistoni kinachobana pedi kwenye diski ya breki) tairi za nyuma, kwa hiyo nimeamua nafasi yote iwe yao.

Shikamoo fundi. Nina Nissan S13 ya kudrifti. Nilifunga hendibreki ya haidroliki kwa kukata paipu ya breki za nyuma nikaweka masta yake, ile pampu ndogo inayosukuma mafuta ya breki, katikati. Inashika ila pedeli imekuwa laini siku hizi. Washkaji wananiambia niongeze kalipa ya pili nyuma na braketi nitengeneze mwenyewe. Kuna faida kweli? Na naanzia wapi?

Marahaba mdogo wangu. Kwanza hiyo pedeli laini usiiache, toa upepo kwenye mfumo wote na uangalie masta ya hendibreki kama inavuja kwenye rodi, maana kwa ulivyofunga, mafuta yote ya mguu yanayokwenda nyuma yanapita ndani ya hiyo masta ndogo, na siku sili yake ikikata unakanyaga breki na nyuma hakuna kitu. Hapo ndipo ilipo faida ya kalipa ya pili, wengi wanadhani ni nguvu ya kufunga tairi lakini mimi naona kubwa zaidi ni kutenganisha, yani mkono una masta yake, kikopo chake cha mafuta, paipu zake na kalipa zake, na mguu unabaki kama gari lilivyotoka kiwandani. Moja ikifa nyingine ipo.

Sasa braketi. Usianze na chuma, anza na boksi, yani karatasi ngumu ya katoni. Pandisha gari kwenye stendi, vua tairi, halafu fanya kitu ambacho watu wanakiruka sana: kaza diski kwenye habu (kitovu kinachofungwa tairi) kwa nati za tairi na washa nene chini yake, maana diski iliyolegea inakaa kimshazari kidogo na vipimo vyote utakavyochukua vitakuwa vya uongo. Weka pedi mpya ndani ya kalipa ya pili, ivishe kwenye diski upande wa pili wa ile kalipa ya mguu, ibane na klampu ili isicheze. Sogeza juu na chini mpaka ukingo wa juu wa pedi ulingane na ukingo wa diski au uwe chini yake milimita moja hivi, ikizidi juu ya diski ile sehemu inayoning'inia haiguswi na kitu, pedi inapolika panabaki kidomo na kidomo hicho kinakuja kukwaruza ukingo. Mgongo wa kalipa uachane na diski milimita 2 au 3, diski ikipata moto inatanuka.

Ukiridhika na hapo, ivishe rimu ukiwa bado hujatengeneza chochote, uizungushe kwa mkono taratibu. Nimeona braketi nzuri kabisa inatupwa kwa sababu ya vile vyuma vya balansi vinavyogundishwa ndani ya rimu.

Kuhamisha matundu kwenye boksi kuna njia moja naipenda sana. Chukua bolti zinazoingia kwenye matundu yenye thredi, kata vichwa, saga ncha kwa grenda mpaka zichongoke kama penseli, zirudishe kwenye matundu ncha ikichungulia milimita mbili tu, halafu kandamiza boksi juu yake. Alama unayopata ni senta ya tundu yenyewe, hubahatishi kwa macho. Fanya hivyo kwa chuma kinachobeba habu na kwa masikio ya kalipa, kata kiolezo, jaribu, kata kingine. Mimi huwa napita violezo vitatu vinne vya boksi, cha mwisho nakifanya cha plaiwudi yenye unene ule ule wa bamba nitakalotumia, maana boksi halikuonyeshi unene unagonga wapi.

Kisha kipimo cha ndani na nje, na hiki ndicho kinachotofautisha braketi na kipande cha chuma. Pima kwa venia kutoka uso wa diski mpaka uso wa masikio ya kalipa, juu na chini, namba mbili hizo zilingane. Zikitofautiana kalipa imelala upande, pedi zitalika kama kabari na pistoni itasukuma kimshazari. Kalipa inayoteleza kwenye pini zake inajitafutia katikati yenyewe lakini kulala haiwezi kujirekebisha, na zile zenye pistoni pande zote mbili ndiyo kabisa, lazima uziweke katikati ya diski kwa shimu, vile vibati vyembamba vya kujazia nafasi. Na ikihitajika kusogeza braketi nje au ndani, chongesha spesa moja ya lezi, usipange washa nne nne.

Kabla hujapeleka bamba kukatwa, toa springi, funga kiolezo cha plaiwudi na kalipa na mpira wake wa breki, kisha nyanyua mkono wa sasupensheni kwa jeki kutoka chini kabisa mpaka juu kabisa. Simama hapo uangalie. Mkono unagusa kalipa? Mpira unavutwa? Kava la ekseli linasuguliwa? Dakika kumi hizo zina thamani kuliko kazi yote nyingine.

Fundi, bamba liwe milimita ngapi? Mwenzangu anatumia milimita 5 na mpaka leo halijavunjika.

Tufanye hesabu pamoja kaka, maana watu wanabishana unene bila kujua mzigo. Chukulia unavuta liva kwa kilo 30, na liva inazidisha mara 6, rodi inasukuma kwa kilo 180. Masta ya inchi robo tatu ina eneo la sentimita 2.85 za mraba, kwa hiyo presha ni kama kilo 63 kwa kila sentimita ya mraba. Kalipa yenye pistoni moja ya milimita 38 ina eneo la sentimita 11.3, inabana kwa kilo 710 hivi. Pedi ziko mbili, na ukichukua msuguano wa 0.4, diski inataka kuondoka na kalipa yako kwa nguvu ya zaidi ya kilo 560. Upande mmoja huo. Na haivuti taratibu, ni mpigo, mara nyingi kwa siku moja, huku chuma kikipata moto na kupoa.

Ndiyo maana mimi natumia bamba la chuma cha kawaida la milimita 10, na sishuki chini ya 8. La 5 linaweza lisivunjike lakini linajikunja kidogo kila ukivuta, na kila likijikunja kalipa inalala, ukifungua utakuta pedi zimelika upande mmoja. Mwambie mwenzako afungue aziangalie.

Ila unene peke yake haukuokoi. Braketi yangu moja ya zamani ilikuwa ya milimita 10 na ikapasuka, na nilivyoitoa nikaelewa kosa langu: niliikata kwa grenda, na pale inapopinda kwa ndani niliacha kona kali, mikato miwili imekutana kama herufi L, mmoja umepitiliza milimita moja tu ndani ya chuma. Ufa ulianzia kwenye huo mkato uliopitiliza, mwembamba kama unywele, ukawa unaelekea kwenye tundu la bolti. Niliuona nikiwa nasafisha vumbi la pedi. Tangu siku hiyo kila kona ya ndani natoboa kwanza tundu la milimita 10 au 12 ndipo nakata kuelekea kwenye hilo tundu, kona inabaki ya mviringo, kisha napiga tupa kingo zote mpaka kidole hakikwaruzwi. Tundu lisikae karibu na ukingo, acha nyama ya kutosha, kutoka senta ya tundu mpaka ukingo iwe angalau mara mbili ya kipenyo cha bolti.

Usikunje bamba ili likwepe kitu, acha liwe bapa utumie spesa. Bolti ziwe za daraja la ugumu 10.9, namba iko juu ya kichwa, na sehemu laini isiyo na thredi ndiyo ikae pale bamba na chuma cha habu vinapokutana. Ukipiga thredi kwenye chuma, bolti ya milimita 12 iingie milimita 12 au zaidi, kwenye aluminiamu ifikishe 18 mpaka 24. Kaza kwa spana ya torki, chora mstari wa rangi kutoka kichwa cha bolti mpaka kwenye bamba, kila ukirudi kutoka kudrifti unachungulia kama mstari umekatika.

Mimi ni dada nachomelea vyuma kila siku, kwa nini nisichomelee braketi moja kwa moja kwenye chuma cha habu? Bolti za nini?

Dada yangu, kwa mkono wako sina shaka, shaka yangu ni kwa kile chuma. Vingi vinavyobeba habu ni vya kusubu, na chuma cha kusubu ukikichomelea kienyeji kinakuwa kigumu na cha kukatika pembeni ya mshono, unaona mshono umelala vizuri kabisa halafu nyufa zinatokea pembeni yake. Kama ni aluminiamu, ile nguvu iliyopewa kwa moto kiwandani unaiondoa kwa moto wako. Na hapo ndani kuna beringi, tundu lake likitoka kwenye duara hata kidogo beringi haitadumu. Hicho chuma kimebeba tairi, sio kalipa tu. Tafuta matundu yaliyopo tayari, ya kalipa au yale ya bamba la kukinga vumbi nyuma ya diski kama ni makubwa ya kutosha, fanya kipande kimoja kinachoshikwa angalau sehemu mbili. Kuchomelea kwako kutumie kwenye kibao cha kukalia liva ndani ya gari, pale panahitaji weldingi ya uhakika kweli, maana sakafu nyembamba inanesa na nguvu ya mkono inaishia kwenye bati.

Nimeshafunga kalipa ya pili, braketi imekaa freshi, lakini upepo hauishi. Nimemaliza chupa mbili za mafuta liva bado inakwenda mpaka mwisho.

Angalia nipeli ya kutolea upepo iko wapi. Nakuhakikishia iko chini. Kalipa ya kushoto ukiipeleka upande wa pili wa diski kwenye tairi lile lile, unakuwa umeigeuza juu chini, na upepo unakaa juu ya pistoni ambako nipeli haifiki, hata umwage chupa kumi. Badilishana: ya kulia ifunge kushoto na ya kushoto kulia, nipeli zitarudi juu. Kama braketi hairuhusu, fungua kalipa, weka kipande cha bamba chenye unene wa diski katikati ya pedi, ishike mkononi nipeli ikitazama juu na utoe upepo hivyo hivyo ikiwa inaning'inia, kisha uirudishe. Inafanya kazi ila utairudia kila mara. Tumia mafuta ya breki ya DOT 4, usichanganye na DOT 5 ambayo ni ya silikoni.

Fundi habari za kazi. Nina BMW E36, kalipa za pili ziko sawa asubuhi ila nikizunguka raundi tano sita diski zinanuka moto na gari linakuwa zito kama limeshikwa. Nikiacha lipoe linaachia.

Nzuri kaka. Hiyo dalili ya kushika likiwa la moto na kuachia likipoa mara nyingi sio ya kalipa, ni ya rodi ya masta. Ndani ya masta kuna kitundu kidogo kinachorudisha mafuta kwenye kikopo liva ikiwa imelala. Kama umerefusha rodi ili liva ishike mapema, pistoni hairudi mpaka mwisho, kitundu kinabaki kimezibwa, mafuta yanapata moto yanatanuka hayana pa kwenda, breki zinajivuta zenyewe. Fupisha mpaka usikie mchezo kidogo wa kama milimita moja liva ikiwa imelala. Mwendo ukiona mrefu, usiurudishie kwenye rodi, ongea na saizi ya masta: ndogo inatoa presha zaidi kwa mkono ule ule ila mwendo unaongezeka, kutoka inchi robo tatu kwenda inchi tano ya nane presha inapanda kama asilimia 44 na mwendo vivyo hivyo, ukitaka mwendo mfupi unakwenda kubwa.

Ikibaki vilevile baada ya hapo, toa pini za kuteleza uzisafishe na upime tena kalipa kama haijalala.

Nikishaweka kalipa za pili naweza kutoa kebo ya hendibreki ya zamani kupunguza uzito?

Usitoe, kama gari linatembea barabarani hata kidogo. Liva ya haidroliki ya drifti haina meno ya kushikilia, na hata ukiibana, presha inashuka gari likiwa limesimama. E36 ina brekishuu zake ndani ya diski, S13 ina kebo kwenye kalipa ya mguu, vyote vinaweza kubaki bila kugusana na braketi ukipanga vizuri. Na ukishatoka kudrifti diski zikiwa za moto, weka kigingi kwenye tairi, kisha rudi uvute kebo tena zikishapoa, maana zikipoa zinasinyaa na kebo uliyoivuta mwanzo inakuwa imelegea.